Injini ya Rwamgasa na Gari la Manju Limbu

Nyinyi mnaoshusha injini asubuhi na jioni mkawa mmesharudi nyumbani kuoga, sogeeni hapa. Vuteni hayo magurudumu mabovu mkalie. Jana nilimsikia mmoja wenu akinung'unika kwamba winchi ya gereji inakwaruza. Winchi! Injini ya kwanza niliyoibadilisha mimi tuliinyanyua kwa wimbo, na wimbo ulipokosewa, ikashuka karibu itukate vidole. Sitanii. Hata sasa nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu, na mke wangu huniuliza kama nimekunywa kitu.

Wakati huo nilikuwa Shinyanga mjini, kwa Fundi Salum, na tayari nilikuwa fundi mwenyewe, nina spana zangu na jina langu, Fundi Maganga. Fundi Salum alikuwa mtu wa Tabora, baba yake mtu wa pwani, kanzu nyeupe Ijumaa na ovaroli nyeusi siku nyingine zote. Alikuwa na tumbo na sauti nzuri, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akisikia ngoma, mabega yake hayakutulia. Uliukuta mkono wake ndani ya giaboksi, ukadhani anafunga nati, kumbe anapiga ngoma kwa vidole.

Basi siku moja likaja kwetu gari likivutwa na ng'ombe. Gari dogo la wazi, la watu wanne kama ni marafiki, turubai lake limeliwa na panya. Nyuma yake kundi la watu, na mbele yake mtu mrefu mwembamba amevaa manyoya kichwani mchana kweupe.

"Mwangaluka, mafundi," akatuamkia. "Mimi ni manju Limbu. Gali langu limekataa kupumua."

Mnajua manju ni nani: mtunzi na kiongozi wa ngoma. Na siku hizo, mavuno yakiisha, manju wawili walikutana uwanja mmoja, kila mmoja na wachezaji wake, wakaanza pamoja. Watu walisimama katikati. Aliyewavuta wengi upande wake, huyo ndiye mshindi, na mwaka mzima hukosi kusikia habari zake kisimani na mnadani. Limbu alikuwa ameshindwa msimu uliopita, ameshindwa vibaya. Mpinzani wake, manju Kasomi, alikuja na chatu shingoni, watu wote wakaenda kutazama chatu, na Limbu akabaki anawaimbia mbuzi.

"Sasa wapiga ngoma wangu wanaanza kuniaga mmoja mmoja," akatuambia. "Mimi nimeona, chatu anashindwa na kitu kimoja tu. Gali. Nimelipata kwa mzungu mmoja wa dhahabu aliyekuwa anaondoka. Nimempa ng'ombe wa baba."

"Baba yako amesema nini?" Fundi Salum akauliza.

Limbu akatazama chini. "Baba hasemi na mimi tena."

Wachezaji wake nao wakatazama chini. Hapo nikajua kwamba huyu mtu, uwanja ukimkataa tena, hana ng'ombe, hana ngoma, hana baba.

Tukaliangalia gari. Sikilizeni hapa vizuri, maana nyinyi siku hizi mnapenda kubadilisha kabla ya kuuliza. Injini iliyochoka husema yenyewe. Hii ilitoa moshi wa buluu kama jiko la kuni mbichi. Ilikunywa oili kuliko petroli. Fundi Salum akachomoa plagi, akaziba tundu kwa dole gumba, akaniambia nizungushe handeli. Injini nzima hukipiga kidole teke, puu, kikaruka. Hii ilikinong'oneza tu.

"Haina pumzi," akasema. Kisha akashika kranki, akaitikisa juu chini, nayo ikagonga ndani kama meno ya mzee. "Ringi zimekwisha, silinda zimepanuka, beringi zimekwisha. Manju, hii hatuitibu. Hii tunaizika."

Limbu akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilidhani atalia. Lakini mmoja wa wachezaji wake aliwahi kuchimba dhahabu Rwamgasa, akasema huko kuna gari kama hili hili, pacha wake, liliangukiwa na mti, mwili umekuwa chapati lakini pua yake nzima. Lipo nyuma ya nyumba ya Mzee Rajabu, muuza chai na mikate kwa wachimbaji.

Tukaenda watatu, Fundi, manju na mimi, juu ya lori la unga. Njia yote Limbu aliimba, na wachimbaji tuliopanda nao waliitikia, mpaka lori lilipokwama kwenye tope wakashuka wote kulisukuma bila kuombwa, wakacheza huku wanasukuma. Fundi Salum alishuka pia. Hakusukuma, alicheza tu.

Mzee Rajabu alikuwa mtu mfupi sana, na heshima nyingi. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba wanangu," akatupa chai ya tangawizi, akatupeleka nyuma. Gari lilikuwepo, limebonyea katikati. Tukainua boneti. Juu ya injini, kati ya kabureta na ukuta, kuku ameatamia, akatutazama kwa jicho moja.

Mke wa Mzee Rajabu, Bi. Tatu, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Huyo kuku hasumbuliwi," akasema. "Mara mbili vicheche wamemmalizia mayai. Hapo ndipo pahali pake pa amani. Mnataka injini, ngojeni vifaranga."

"Bibi yangu," Fundi Salum akasema kwa sauti ya msikitini, "ngoma haingoji vifaranga."

"Na vifaranga havingoji ngoma."

Limbu ndiye aliyetuokoa. Alimwendea yule kuku, akachuchumaa, akaanza kumwimbia polepole wimbo wa kubembelezea watoto. Bi. Tatu akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Tukaing'oa ile boneti, tukaigeuza ikawa kama beseni, tukatia majani, tukamhamisha mama kuku na mayai yake yote bila hata moja kupasuka, tukaiweka chini ya kitanda cha Bi. Tatu mwenyewe. Kuku alilalamika kidogo akatulia.

Ndipo tukachomoa plagi. Fundi akaweka dole gumba, mimi nikazungusha handeli. Puu! Kidole kikaruka. Akakibusu. Silinda ya pili, puu! Ya tatu, puu! Ya nne alimpa manju aweke kidole chake, kilipotupwa akapiga ukelele uliowatoa watu mashimoni.

"Unataka nini kwa injini hii, mzee?" Limbu akauliza.

Mzee Rajabu akawatazama watu waliojaa, kisha akamvuta manju pembeni, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Nataka wimbo," akasema. "Jina langu limo. Na humo ndani ya wimbo, mwanangu, niwe mrefu."

Wakakubaliana. Mpaka nilipoacha kazi nilikuwa nikikutana na wachimbaji hata kutoka Nyarugusu, machimbo ya jirani, wanaoimba habari za Rajabu anayeinama kupita mlangoni.

Tuliirudisha injini imefungwa kwenye ngozi za ng'ombe, na manju aliikalia njia nzima. Yule kuku hakumzidi kwa kuatamia.

Sasa kazi. Kabureta yake ilikuwa imejaa manyoya na vumbi. Jeti ni katundu kadogo sana, na mtu akikachokoa kwa waya anakapanua, gari litakunywa petroli kama ngamia. Fundi Salum alitumia unywele wa mkia wa ng'ombe, anaupitisha taratibu, kisha anapuliza kwa mdomo. Vijana, mkia wa ng'ombe bado upo, nanyi bado mnatumia waya. Gasketi ndogo tulikata kwa ngozi laini tuliyoiloweka kwenye oili. Platini, ile inayokata na kuunga moto wa plagi, tuliipima mwanya kwa karatasi ya sigara: ukiivuta ikatoka kwa kusitasita, hapo ni sawa.

Gari lile, ili injini ya zamani itoke, ilibidi ekseli ya nyuma isukumwe nyuma kwanza, shafti ichomoke. Na kwa kuwa ekseli ilikuwa tayari chini, Fundi akasema tufungue na difu, nyumba ya meno iliyo katikati ya ekseli, tuisafishe, maana mzungu yule alikuwa amevuka mito mingi. Ndani tulikuta tope. Tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukakipanga juu ya gunia.

Kunyanyua ile injini ya Rwamgasa ndiyo ilikuwa sherehe. Tulisimamisha nguzo tatu, tukafunga kamba, na wachezaji wote wa Limbu wakashika. Limbu akaanzisha wimbo, wakavuta kwenye mwitikio. Kila mwitikio injini inapanda kiganja kimoja. Ikafika juu, inaning'inia, mimi nimepiga magoti naielekeza, na mjinga mmoja akaongeza ubeti ambao haukuwepo. Nusu wakavuta, nusu wakaacha. Injini ikashuka, nikarusha mikono yangu nyuma, ikakaa mahali pake ndu! Sawasawa kabisa, kama vile imepimwa. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nahesabu vidole.

Na siku hiyo hiyo, wale wachezaji wakifurahi, ngoma zikaanza uani kwetu, na Fundi Salum akawa anaifunga difu. Nilikuwa nampa vyuma, yeye anavipokea huku mabega yanakwenda. Naliona lile gurudumu kubwa la meno likiingia mikononi mwake, naye analigeuza hivi, analigeuza vile, kwa mapigo. Alilifunga kwa ustadi mkubwa. Alikaza kila boliti. Tukapandisha ekseli, tukaunganisha shafti.

Tukaiwasha injini kabla magurudumu hayajafungwa, ipate kuzoea. Handeli mara moja, ya pili, ikapiga chafya, ikanguruma. Sauti tamu! Kama mtu anayetwanga mahindi kwenye kinu. Hakuna moshi. Bi. Zuhura, mke wa Fundi, alipiga kigelegele kutoka jikoni. Lakini petroli ilikuwa kidogo, Fundi akasema, "Zima. Tusiimalize. Kesho litatembea lenyewe kwenda ngomani."

Asubuhi wachezaji wamejipaka, kengele miguuni, gari limepambwa kwa mikia na shanga. Limbu amepanda nyuma, amesimama, usinga mkononi. Nikakaa kwenye usukani. Nikakanyaga klachi, nikaweka namba moja, nikaachia.

Gari likaruka kinyumenyume, likaingia kwenye ua wa minyaa.

"Umeweka rivasi!" Fundi akapiga kelele.

"Nimeweka namba moja!"

"Weka tena."

Nikaweka tena. Tukaingia ndani zaidi ya minyaa. Nikajaribu namba mbili, likarudi nyuma haraka zaidi, watu wakaruka huku na huku, na sufuria ya uji ya Bi. Zuhura ikapinduka. Nikaweka rivasi. Gari likaenda mbele, polepole, kwa adabu.

Fundi Salum akasimama, mikono kichwani. Nikamwona anafikiri. Kisha akakaa juu ya debe, mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza haikuwa ngoma. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimelifunga upande wa pili," akasema. "Lile la meno. Limekaa kulia badala ya kushoto. Gari hili sasa lina gia tatu za kurudi na moja ya kwenda."

"Kulitengeneza upya, muda gani?" Limbu akauliza.

"Kutwa nzima."

Limbu hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Tuliwaza sote jambo moja, baba yake na ng'ombe wake. Kisha akauliza, "Fundi. Linakwenda?"

"Linakwenda."

"Linanguruma?"

"Linanguruma vizuri mno."

"Basi twende hivyo hivyo. Mbele, polepole."

Tukaondoka kwa ile gia moja ya mbele. Aliyewahi kuendesha safari nzima kwa gia ya nguvu anajua yaliyotupata. Injini inalia, gari linatambaa, kina mama wenye vikapu wanatupita na kutuuliza kama tuna mgonjwa. Hata hatujaacha nyumba za mwisho za mji, rejeta ikachemka, mvuke ukatufunika. Tukamwagia maji ya kibuyu, tukaendelea, ikachemka tena. Na kwa mbali, ng'ambo ya mashamba, tukasikia ngoma za Kasomi zimekwisha kuanza.

Wapiga ngoma wetu wakatazamana. Mmoja akavua kengele zake mguuni. Limbu akaona.

"Geuza," akaniambia.

"Nini?"

"Geuza gali. Mgongo mbele. Weka ile namba inayokimbia."

Nikamtazama Fundi Salum. Fundi alikuwa ameshapanda. "Geuza, Maganga," akasema, "kabla sijazeeka."

Nikageuza. Nikapiga magoti nusu kwenye kiti, shingo nimeipinda, mkono mmoja usukani. Limbu akasimama juu ya mgongo wa gari, ambao sasa ndio ulikuwa uso wake, usinga juu, na akawa ananielekeza kwa kupiga mguu: wa kulia, kulia, wa kushoto, kushoto. Nikaweka namba moja, namba mbili, namba tatu. Wanangu! Gari likaruka. Upepo unatupiga visogoni na usoni kwa zamu, mkia wa gari unacheza kama mkia wa mbuzi, wachezaji wanakimbia pembeni wanapiga mayowe, mbuzi wanatimka, Fundi Salum anabonyeza honi ya mpira kwa mapigo ya ngoma.

Uwanja ulikuwa umejaa, na wote walikuwa kwa Kasomi na chatu wake. Nikasikia sauti moja ya kike, kali: "Gali! Gali linakuja na matako!"

Vichwa vikageuka. Tukaingia uwanjani mbio, Limbu mbele, pua ya gari nyuma inafuka mvuke. Nikakanyaga breki.

Sasa hili nawafundisha kama fundi. Breki za magari yale zilishika vizuri yakienda mbele. Yakirudi nyuma, zilikuwa kama kumshika mtu aliyejipaka mafuta. Nilikanyaga, gari likaendelea. Nikalizungusha uwanja mzima ili nisiue mtu. Nikazunguka tena. Watu wakaona huo ni mchezo, wakaanza kukimbia nasi, wazee, watoto, kina mama na watoto mgongoni, wote kinyumenyume! Uwanja mzima ukawa unacheza kinyumenyume! Na Limbu, ambaye hakuwa na wimbo wa jambo hili, akautunga papo hapo:

*Nimewapa mgongo, ninyi mmenipa macho!*
*Nimewapa mgongo, ninyi mmenipa macho!*

Sijapata kusikia watu wengi kiasi kile wakiitikia kwa sauti moja. Mwisho nikalielekeza kwenye kilima kidogo, likapunguza mwendo, likasimama. Nikageuka kutazama upande wa pili. Kulikuwa na Kasomi peke yake, na chatu wake ameshuka shingoni anakwenda zake kivulini.

Kasomi alikuwa mtu mwema. Akaja, akampa Limbu mkono. "Leo umeniweza, ndugu yangu," akasema. "Niambie, hii dawa umeipata wapi?"

"Dawa yake inaitwa difu," akajibu Fundi Salum, amelala chali kwenye majani, hana nguvu tena ya kucheka.

Wakati watu wanambeba Limbu mabegani, nikaona wanapisha njia. Mzee mmoja alikuwa anakuja na fimbo, polepole, hatazami mtu. Limbu akawaambia wamshushe. Akasimama mbele ya mzee yule, manyoya yamemwangukia jicho moja, jasho linamtiririka.

"Mwadila, baba," akamwamkia.

Mzee alilizunguka gari. Akaligusa bati. Akachungulia chini yake, akachungulia injini. Akaligonga gurudumu kwa fimbo, kama mtu anayempima dume mnadani. Kisha akamwuliza mwanawe:

"Hawa ndio ng'ombe wangu?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akanipa fimbo nimshikie. Akaushika mlango, haukufunguka, akaupanda kama mtu anavyovuka zizi, akakaa kiti cha nyuma, akajipangusa vumbi magotini.

"Nipeleke nyumbani," akamwambia Limbu. "Kinyumenyume. Na tupite kwa shemeji zako wote."